Jagi linalochelewa kuchemka na volti 14 zilizopotea njiani

SWALI: Assalaam alaykum, mwalimu. Nina banda la chai mbele ya nyumba yetu hapa Wete. Umeme nautoa ndani kwa waya wa mita 30 ulioandikwa 2×0.75. Mwaka jana ulikatwa na jembe, tukauunga kwa kusokota na kuuzungushia tepu. Jagi langu la umeme limeandikwa volti 230, wati 2,000, lakini siku hizi linachelewa sana kuchemka. Kijana wangu anasoma mafunzo ya amali. Alipima jagi likiwa linafanya kazi akapata volti 202 na ampea 7.6 pale bandani, na soketi ya ndani ikasoma volti 216. Jagi likizimwa, soketi ya ndani inasoma 222. Pale palipoungwa panakuwa moto hadi tepu imelainika. Naomba utufahamishe namna ya kupata ukinzani na nguvu kwa namba hizi, na kama jagi ndilo bovu. Tena kijana alipima balbu ya zamani ya wati 60 akapata omu 65 tu, na hesabu yake inakataa. Na friji imeandikwa wati 150, lakini yeye amepata volti 218 na ampea 1.1, ambazo zikizidishwa ni karibu 240. Friji inatuibia?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, dada yangu. Kabla ya hesabu yoyote, chomoa waya huo sasa hivi. Tepu iliyolainika ni hatua ya mwisho kabla ya moshi. Chai ya leo ichemke kwa mkaa au gesi, kisha tukae tufahamishane.

Kijana wako nampongeza, maana amefanya jambo ambalo hata mafundi wakongwe hulisahau: amepima volti na ampea mahali pamoja, wakati mmoja, jagi likiwa kazini. Namba mbili zilizopimwa namna hiyo zinatosha kukuambia karibu kila kitu. Ukichukua volti za soketi ya ndani na ampea za bandani, au volti za asubuhi na ampea za jioni, utapata jibu la kifaa ambacho hakipo.

Volti ni msukumo, ampea ni wingi wa umeme unaopita, na ukinzani ni ubishi wa kifaa dhidi ya kupitwa. Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu wa skuli, alichapisha mwaka 1827 kwamba ubishi huo unapatikana kwa kugawa msukumo kwa kinachopita. Kipimo chake kikapewa jina lake, omu. Basi chukua volti 202, gawa kwa ampea 7.6, unapata omu 26.6. Huo ndio ukinzani wa jagi lako.

Nguvu inatoka kwa namba zile zile, ila safari hii unazidisha: volti 202 mara ampea 7.6 ni wati 1,535. Ndizo zinazoingia kwenye maji yako, si 2,000.

Sasa jagi ni bovu au zima? Hapa nataka kijana aone kazi ya ile hesabu ya kugawa. Kibandiko kinasema wati 2,000 kwenye volti 230. Gawa 2,000 kwa 230, unapata ampea 8.7. Gawa 230 kwa 8.7, unapata omu 26.4. Jagi lilitoka kiwandani na omu 26.4, na leo linasoma 26.6. Hiyo tofauti ndogo ni ya kipimo tu. Elementi, yaani koili ya kupashia maji, ingekuwa inakufa, ukinzani ungekuwa umekwenda kwingine kabisa, au mita isingesoma kitu. Jagi lako zima, usilitupe wala usilifungue.

Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Ukinzani ni mali ya jagi lenyewe: ulipeleke Chake Chake au Mkoani, unakwenda nao. Nguvu si mali ya jagi peke yake, ni makubaliano baina ya jagi na volti zinazolifikia. Ile 2,000 ya kibandiko ni ahadi yenye sharti, na sharti lake ni 230. Lako limepewa 202.

Sharti hilo lina makali kuliko watu wanavyodhani. Kutoka 230 hadi 202 volti zimepungua kama asilimia 12. Lakini nguvu imeshuka kutoka 2,000 hadi 1,535, asilimia 23. Sababu ni kwamba msukumo ukipungua, na kinachopita kinapungua pamoja nao. Hasara inaingia mara mbili. Kama huna mita ya ampea lakini unaujua ukinzani, zidisha volti kwa zenyewe kisha gawa kwa omu: 202 mara 202 ni 40,804, gawa kwa 26.6, unarudi kwenye wati 1,534. Njia mbili, jibu moja, na kijana akipata majibu mawili tofauti ajue pana kosa la kupima au la kuandika.

Kwa maji hasa, ni hivi. Lita 1 na pointi 7 ya maji ya nyuzi 28 inahitaji joto la jouli kama 512,000 hadi ichemke. Wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Kwa wati 2,000 ni dakika 4 na robo, kwa wati 1,535 ni dakika 5 na nusu, bila kuhesabu joto linalotoka nje ya jagi. Wateja wa chai ya asubuhi hawapendi kusubiri, nakufahamu. Na usidhani kwamba volti ndogo inakupunguzia yuniti. Maji yanataka joto lile lile. Jagi linatumia muda mrefu zaidi kulitoa, basi.

Tuje kwenye waya, maana shida yote imelala huko.

Soketi ya ndani inasoma 216, bandani 202. Volti 14 zimeishia njiani. Hazikupotea hewani, zimetumika kusukuma umeme ndani ya waya wenyewe. Waya wako nao ni kifaa, kama jagi, tena umeunganishwa kwa mfuatano nalo, kwa hiyo ampea zinazopita ni zile zile 7.6. Basi ufanyie hesabu zile zile. Volti 14 gawa kwa ampea 7.6 ni ukinzani wa omu 1.84. Volti 14 mara ampea 7.6 ni wati 106. Unapika chai kwa wati 1,535, na pembeni unaukaanga waya kwa wati 106.

Wanafunzi wengi huteleza hapa, na mimi mwenyewe niliteleza nilipokuwa najifunza. Mtu akishajua waya una omu 1.84, huchukua volti 216, akazizidisha kwa zenyewe, akagawa kwa 1.84, akapata wati zaidi ya 25,000, akashika kichwa. Kosa ni kwamba volti 216 si za waya. Za waya ni 14 tu. Kila volti unayoiingiza kwenye hesabu lazima iwe imepimwa baina ya ncha mbili za kitu kile kile unachokitafutia jibu. Ukiwa na wasiwasi, tumia ampea: 7.6 mara 7.6 mara 1.84, unapata 106 bila kuuliza volti za nani. Kanuni hiyo ya joto la waya ni ya Mwingereza James Prescott Joule, na ndilo jina tunalolitaja kila tukisema jouli.

Sasa tugawe hizo wati 106 tujue ziko wapi. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita. Wako ni 0.75, na umeme unakwenda mita 30 na kurudi mita 30, jumla 60. Zidisha 0.0172 kwa 60, gawa kwa 0.75, unapata omu 1.38, tuseme 1.4, maana waya ukipata joto ukinzani unapanda kidogo. Lakini tulipima 1.84. Omu 0.44 zilizobaki ziko wapi? Mkono wako umeshakujibu: pale palipoungwa.

Omu 0.44 ni kitu kidogo mno, mita ya kawaida ya mafundi haiwezi hata kukusomea sawasawa. Lakini 7.6 mara 7.6 mara 0.44 ni wati 25. Waya wote wa mita 30 unabeba wati 81 zilizosambaa, chini ya wati 3 kwa kila mita, na hewa inazichukua. Kile kiungio kinabeba wati 25 mahali pasipozidi urefu wa kidole, tena kimefunikwa tepu. Chuma cha kulehemu redio kina wati 25 mara nyingi, na kinayeyusha risasi. Hicho ndicho kitu kilicholala baina ya nyumba yako na banda lako. Ikiwa waya wako ni wa bei rahisi, wa alumini iliyopakwa shaba, sehemu kubwa zaidi ya hasara itakuwa ya waya na ndogo zaidi ya kiungio, lakini tepu haikulainika kwa bahati mbaya.

Utauliza, mbona fyuzi ya plagi haikukatika, wala sakiti breka haikuanguka? Nimeulizwa hivyo katika nyumba moja ya Mkoani, tumesimama mbele ya ukuta mweusi kwa masizi, mama mwenye nyumba ameshika kanga yake mdomoni. Fyuzi ya ampea 13 inajua jambo moja tu, ampea, na hapa zimepita 7.6. Kwa macho ya fyuzi kila kitu ni shwari. Kiungio kibovu hakiongezi ampea. Kinazipunguza, kwa sababu kimeongeza ubishi njiani. Kwa hiyo kiungio kikizidi kuharibika, fyuzi inazidi kutulia. Ndiyo maana nawaambia watu wapapase plagi na soketi zao mara kwa mara, kwa mgongo wa mkono na baada ya kuzima. Joto la mahali pamoja ni habari ambayo breka haina njia ya kukuletea.

Tena kuna jambo hukuliuliza, lakini limeandikwa kwenye waya wako. 2×0.75 maana yake ni nyuzi mbili tu: moto na nyutro. Ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, haipo. Jagi lako lina plagi ya pini tatu, na ile pini ndefu ya juu haina pa kwenda. Siku elementi ikivuja na jagi likiwa la bati, mwili wa jagi utabeba umeme, na wewe umesimama bandani juu ya ardhi yenye maji ya kuoshea vikombe. Hili linanitia hofu kuliko hata tepu.

Basi usiunge tena. Nunua waya wa shaba wenye nyuzi tatu, wa 2.5, kipande kizima kutoka soketi hadi banda, wenye ganda gumu la nje, upite juu au ndani ya bomba ambako jembe halifiki. Hesabu yake: 0.0172 mara 60, gawa kwa 2.5, ni omu 0.41. Utapoteza volti 3 na kidogo badala ya 14, na wati 26 zilizotawanyika mita 30, ambazo hutazihisi hata ukiushika. Kazi ya kufunga aifanye fundi mwenye leseni, kijana asimame pembeni aangalie, na fundi ahakikishe kwamba ethi ya nyumba yenyewe ipo kweli, kwani pini ya tatu isiyofika ardhini ni pambo.

Waya huo una bei, naijua. Lakini waya mwembamba nao unaulipia. Wati 106 kwa dakika 5 na nusu ni karibu yuniti 0.01 kwa kila jagi. Ukichemsha mara 40 kwa siku, mwezi unakwisha na yuniti karibu 12 za tukuza, umeme wa kulipia kabla, zimepasha moto nyasi za uani.

Zile volti 6 za ndani, kutoka 222 hadi 216, ni habari nyingine. Gawa 6 kwa 7.6, unapata omu 0.79, na huo ni ukinzani wa njia yote kutoka transfoma, nguzoni, kwenye mita, hadi soketi yako. Sehemu ya kabla ya mita huilipii, kwa sababu mita inahesabu kinachoifikia. Kwa nyumba iliyo mbali kidogo na transfoma si jambo la ajabu. Fundi akija, mwambie akaze skrubu za meni swichi, na kama volti za ndani zinashuka sana jioni hata ukiwa hukuwasha kitu, hilo ni la kuripoti Shirika la Umeme.

Niongeze kidogo hapa, kwa ajili ya kijana, kwa sababu hesabu ya waya wako ndiyo inayoleta umeme kisiwani. Pemba tangu 2010 tunapata umeme kutoka Tanga kwa kebo iliyopita chini ya bahari, nao unasafiri kwa volti 33,000. Kwa nini namba kubwa hivyo? Chukua nguvu ya wati milioni moja. Kwa volti 230 ungehitaji ampea zaidi ya 4,300. Kwa volti 33,000, tukiacha kando mambo ya fezi tatu, ni ampea 30 tu. Ampea zimepungua mara 143, na kwa kuwa joto la waya linafuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe, hasara kwenye waya ule ule inapungua zaidi ya mara 20,000. Bila ya ujanja huo, umeme wa Tanga ungeishia kuwapasha moto samaki wa mkondo wa Pemba. Unguja nayo inapokea wake kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba kwa volti 132,000.

Balbu ya wati 60: kijana hakukosea kupima, wala hakukosea hesabu. Volti 230 zikizidishwa kwa zenyewe, gawa kwa 60, ni omu 882. Yeye amesoma 65. Zote mbili ni kweli, moja ya balbu baridi na nyingine ya balbu inayowaka. Uzi wa ndani ni wa tangsteni, na ukiwaka unapita nyuzi 2,000 za selsiasi, ukinzani wake ukapanda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana balbu za zamani zilikuwa zikifa pale pale unapobonyeza swichi: kwa kufumba na kufumbua zinavuta zaidi ya ampea 3 badala ya robo ampea. Elementi ya jagi imetengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromi ambao ukinzani wake haubadiliki sana kwa joto. Jagi linaweza kupimwa baridi likasema kweli, balbu haiwezi. Na kupima omu ni kwa kifaa kilichochomolewa tu; ukiweka mita kwenye omu na umeme umo, utaua mita au utajiumiza.

Friji haikuibii. Kuzidisha volti kwa ampea kunatoa wati sahihi kwa vitu vya kupasha joto: jagi, pasi, balbu ya uzi. Friji ina mota, na mota inavuta umeme kisha sehemu yake inaurudisha, mara 100 kila sekunde, kwa sababu ya sumaku za ndani. Ile 240 inaitwa volti-ampea. Wati za kweli ni sehemu yake tu. Hapa 150 kwa 240, kama asilimia 62, na kwa mota ndogo ni kawaida. Mita ya tukuza ya nyumbani inahesabu wati. Kwa friji pia usigawe volti kwa ampea ukaita ukinzani, kwa kuwa ubishi mwingi humo ni wa sumaku, si wa waya. Taa za LED na chaja za simu nazo zina tabia yao: volti zikishuka, nyingi zinavuta ampea zaidi ili zipate nguvu ile ile.

Kijana pia akumbuke, mita ya kubana, ile inayopima ampea kwa kuuzunguka waya, inabana uzi mmoja tu. Akibana waya wote wenye nyuzi mbili itasoma sifuri, kwani kinachokwenda na kinachorudi vinafutana. Kwa kuwa amesoma 7.6, naamini alitenganisha. Asichune ganda la waya mpya kwa ajili hiyo; atengeneze kipande kifupi cha kupimia, chenye nyuzi zilizotenganishwa na ganda la kila uzi likiwa zima.

Waya mpya ukishafungwa, pimeni tena kama mwanzo, jagi likiwa na maji na limewashwa. Ndani mkisoma 216, bandani mtarajie 212 au 213 na ampea 8. Mia mbili kumi na mbili mara 8 ni karibu wati 1,700. Mkigawa ni omu 26.5, jagi lile lile. Bandani pakisoma chini ya 210, msilishuku jagi. Waya wa 2.5 peke yake hauwezi kumeza volti 6 kwa ampea 8. Zimeni, mfungue plagi na soketi ya bandani, mtazame skrubu ipi haikukazwa.